Darasa la Kijapani la jioni pale Ntinda: lipia mdomo, herufi ujifundishe

Kazi yangu ni kuuza magari yaliyotumika katika bondi moja, yaani yadi ya magari ya kutoka nje, upande wa Nakawa, Kampala, na magari tunayoagiza Japani huja na karatasi zake za mnada, ambazo mkaguzi ameandika hali ya gari. Sehemu ya juu kila mtu wa bondi anaisoma hata usingizini: 4.5 gari safi, 4 zuri, 3.5 limechoka kidogo, R liligongwa likatengenezwa. Mchoro wa bodi nao si tabu. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, na namba inayofuata inakwambia ukubwa. Tabu iko kwenye mistari miwili mitatu ambayo mkaguzi ameandika kwa mkono. Hapo ndipo inapokaa siri ya gari, na sisi tulikuwa tunaitazama kama khanga ambayo jina lake hatuwezi kulisoma. Ukimuuliza wakala, jibu ni lile lile: gari halina shida, dada.

Ndiyo maana nilijiandikisha darasa la Kijapani la jioni pale Ntinda. Jina la darasa silitaji kwa sababu nina lawama zangu na sitaki kumharibia mtu riziki. Liko ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, jioni mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, shilingi laki tatu na nusu. Tulikuwa mchanganyiko: waongoza watalii wanaopeleka wageni Bwindi kuona gorila, vijana waliolelewa na katuni za Kijapani, muuguzi mmoja mpole, na mhandisi aliyefanya kazi na Wajapani kwenye daraja jipya la Jinja, lile la mita 525 lililofunguliwa 2018. Mwalimu ni mama wa Kijapani aliyekaa Kampala miaka mingi. Hatumwiti kwa jina, tunamwita Sensei, yaani mwalimu, na sisi alituita kwa majina yetu na san nyuma yake. Jambo la kwanza alilotukataza ni kujiwekea hiyo san wenyewe. Heshima unapewa, hujipi.

Nianze na habari njema. Mdomo wetu sisi umeshaiva kabla ya kuingia darasani. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili na Kinubi nimevikuta nyumbani, Kiganda nimekiokota sokoni. Vokali za Kijapani ni a, i, u, e, o, na karibu kila silabi inaishia kwenye vokali, kwa hiyo maneno kama sakana na tomodachi unayatamka siku ya kwanza bila kuuma ulimi. Wanaojua Kiganda wana bahati zaidi. Sensei alipofundisha kwamba kite ni "njoo" na kitte ni stempu ya barua, akajiandaa kutueleza ile t inayokaziwa, darasa zima lilikuwa limeshampita, maana hapa mtoto mdogo anajua okuta ni kuachia na okutta ni kuua, na hawezi kuvichanganya. L na r pia hazikututesa. Kilichotushika kidogo ni urefu wa vokali: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, na muuguzi wetu alizeesha ukoo mzima kabla sikio halijakaa sawa.

Sarufi ndipo ada inapoanza kufanya kazi. Kitenzi kinakaa mwisho, na kukubali au kukataa kunakaa mwisho wa kitenzi: ikimasu, naenda, ikimasen, siendi, ikimashita, nilienda, ikimasen deshita, sikwenda. Yaani mtu anaweza kukutajia siku, saa, basi na mwenzake wa safari, na bado hujui kama anakwenda au la mpaka afunge mdomo. Sensei alitufanyisha mazoezi ya kusikiliza mwisho tu. Alikuwa anasoma sentensi ndefu, sisi tunainua mkono kwa ndiyo na kuushusha kwa hapana. Ni mchezo wa watoto, lakini hakuna programu ya simu iliyowahi kunifundisha hivyo, na sasa nikiwa na muuzaji wa Japani kwenye simu masikio yangu yanakwenda yenyewe mkiani.

Kwenye wa na ga, vile vijineno vinavyokaa baada ya nomino, hata hivyo, tuliachwa njiani. Maelezo yalikuwa "mkizoea mtajua". Sijalipa laki tatu na nusu nikaambiwe nizoee. Mimi nilijipatia njia kupitia lugha yetu: ukisema "gari hili, injini yake nzuri", umetaja kwanza jambo linalozungumzwa, kisha ukaingia ndani yake. Kono kuruma wa enjin ga ii desu. Wa imekaa kwenye gari, ga imekaa kwenye injini. Nilipoisema darasani Sensei alicheka akasema andika ubaoni. Haimalizi kila kitu, lakini kwa anayeanza inatosha kumvusha mtoni.

Kuhesabu vitu nako kunawakimbiza wengi. Kila aina ya kitu ina kihesabio chake: vyembamba virefu ippon, nihon, sanbon, bapa kama karatasi na shati huchukua mai, watu wana chao. Vijana wa katuni walinung'unika sana. Jamani, sisi ambao mti ni mmoja na kiti ni kimoja tunalalamika nini? Magari yana dai, ichidai, nidai, sandai, na hayabadiliki-badiliki, kwa hiyo mimi nilikaa kimya nikimshukuru Mungu.

Sasa desturi, ambazo ndizo zilizonirudishia pesa yangu. Jioni moja Sensei alimwalika mwongoza watalii, kwa mfano tu: "Doyoubi ni eiga o mimasen ka?", Jumamosi tukatazame filamu? Yule kaka akajibu kwa sauti ya mtu anayezoea kuita wageni msituni: "Iie, mimasen." Hapana, sitazami. Sensei akavuta pumzi kwa meno kama aliyekanyaga mwiba. Kisha akatuonyesha inavyofanywa. Akainamisha kichwa upande, akashusha sauti: "Doyoubi wa chotto..." akanyamaza hapo hapo.

"Chotto nini, Sensei?"

"Chotto tu."

Jumamosi kidogo... na basi, umeshakataliwa. Tulicheka, lakini mtu gani wa Kampala hajui? Mteja anayekuambia "nitarudi kesho, Inshallah" huku anatazama lango, amekupa chotto yake. Wiki hiyo hiyo nilikuwa napigania bei ya Noah moja, na yule muuzaji wa Yokohama akaniambia sore wa chotto muzukashii desu ne, hilo ni gumu kidogo. Zamani ningesikia "gumu" nikaongeza maneno na vocha. Nilijua ni hapana, nikahamia gari lingine.

Otsukaresama haikuhitaji hata somo. Mhandisi wa daraja alisema ndilo neno aliloondoka nalo kazini, kila mtu akimwambia mwenzake jioni. Kwa Kiganda ni gyebale ko, na Waswahili tuna pole na kazi. Tulilitumia kuagana ngazini.

Somo la thamani kuliko yote lilikuja kwa bahati, Sensei alipoeleza kalenda ya enzi za wafalme wao. Heisei ilianza 1989 ikaisha tarehe 30 Aprili 2019, Reiwa ikaanza kesho yake. Kwa hiyo kwenye karatasi, penye mwaka, ukiona H, ongeza 1988: H23 ni 2011. Ukiona R, ongeza 2018: R2 ni 2020. Mwaka 2019 una sura mbili, H31 na R1. Kwa mtu wa bondi hii si hadithi ya makumbusho. Sheria ya Uganda ya 2018 inakataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, na mwaka ulio kwenye karatasi ni wa kusajiliwa mara ya kwanza, ambao unaweza kuwa baada ya mwaka wa kutengenezwa. Gari lililo ukingoni silinunui tena kwa kuangalia H peke yake.

Lawama zangu sasa. Muhula mzima walitufundisha kwa herufi za Kilatini. Hiragana, herufi zao za silabi, tulipewa kwenye fotokopi iliyofifia, nu na me zinafanana kama mapacha, tukaambiwa tukajisomee. Kana, yaani seti zote mbili za herufi za silabi, ni herufi 46 za msingi kwa hiragana na 46 kwa katakana. Si mlima, mtu mwenye bidii anazimaliza kabla muhula haujaisha. Lakini darasa linajitangaza kuwa linaandaa watu kwa N5, ngazi ya chini kabisa ya JLPT, mtihani wa lugha ya Kijapani, na karatasi ya N5 imeandikwa kwa kana na kanji kidogo, zile herufi zenye asili ya Kichina. Unamwandaaje mtu kwa mtihani ambao hawezi kusoma swali lake? Tena Sensei akisafiri anakuja kijana msaidizi, anasoma fotokopi kwa sauti, anatuaga mapema. Jenereta ya dukani chini usiseme, umeme ukikatika ni somo la kusoma midomo.

Kilichonipeleka, basi, nilijifundisha mwenyewe: sabi ni kutu, kizu ni mkwaruzo, hekomi ni kubonyea, na wakaguzi wengi wanaviandika kwa katakana ya haraka ambayo shi na tsu zimelala karibu sawa. Halafu zile kanji tatu za shuufukureki, historia ya matengenezo, na kando yake ari, ipo, au nashi, haipo. Angalizo kwa wanunuzi: inahesabu fremu na mifupa ya gari. Bampa lililobadilishwa halimo, kwa hiyo nashi si kiapo kwamba gari halijawahi kuguswa.

Mwongoza watalii aende, hata kesho, atapata salamu, namna ya kukataa na sikio zuri. Muuguzi pia alifurahi. Mtu wa magari ajifunze kana kwanza nyumbani, ndipo aje kulipia mazungumzo, na aulizie mapema siku ya somo la enzi asije akaikosa. Kati ya nyota tano natoa tatu, na mbili katika hizo ni za Sensei. Nimeulizia muhula ujao, wanasema hiragana itaanza wiki ya pili. Wakitimiza nitalipa tena. Wasipotimiza, nimeshamwomba Sensei aniuzie saa moja ya Jumamosi, nije na karatasi zangu za mnada. Hakuniambia chotto.