Fundi wa waifai alisema tableti ya mwanangu imekufa

Intaneti yenyewe sina neno nayo. Naanza na hilo kwa sababu najua wapo watakaokimbilia kuitetea kampuni. Neno ninalo na kijana waliyemtuma kwangu hapa Kireka, Uganda, kufunga ruta, kile kisanduku cha kurushia waifai.

Tulimngoja asubuhi, akaja jioni, salamu hakuna, viatu vya tope hadi kwenye zulia. Nikamwambia ruta ikae sebuleni, katikati ya nyumba, kwani watoto wanasomea huku na mzee wangu anafanyia kazi chumba cha nyuma. Eti waya haufiki. Na waya kaubeba begani, bunda zima! Akaipachika chumba cha wageni, pembeni kabisa, nyuma ya kabati la chuma. Kisha akatoa kalamu ya wino mzito akaandika neno la siri la waifai ukutani. Ukutani jamani, juu ya rangi tuliyopaka Krismasi, tena mkabala na dirisha.

Kompyuta ya mzee ikashika. Simu yangu ikashika. Tableti ya mtoto, ambayo ndiyo iliyonifanya niache bando za simu (na ile kodi ya data ya asilimia 12 tuliyowekewa 2021), ikaonyesha mitandao ya majirani wote isipokuwa wetu. Nikamwuliza fundi. Hata kuigusa hakuigusa.

"Nyabo, hiyo imekufa. Nunua nyingine."

Mbele ya mtoto! Mtoto analia, yeye anakunja waya zake. Sasa niambieni, tableti iliyokufa inauonaje mtandao wa jirani?

Mpwa wangu ndiye aliyegundua. Ruta hizi hurusha kwa masafa mawili: gigahezi 5, yenye kasi lakini kuta za tofali huidhoofisha upesi, na gigahezi 2.4, ya polepole ila inafika mbali, na vifaa vingi vya zamani vinaijua hiyo tu. Fundi alikuwa amewasha ya 5 peke yake. Tableti ilikuwa ikiitwa kwa sauti ambayo haiwezi kuisikia. Mpwa akataka kuingia kwenye ruta arekebishe. Kibandiko cha chini kina anwani na paswadi ya msimamizi, lakini paswadi ikakataa. Fundi kaibadilisha. Nikampigia. "Hiyo ni ya ofisi, wateja hawapewi." Akakata. Nikapiga tena, kumbe kanifungia.

Hapo nilitaka wang'oe waya wao na pesa yangu irudi. Nikapiga huduma kwa wateja, matusi nimeyapanga tayari. Akapokea dada mmoja, akanisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. "Pole sana mama, usikate simu." Akaiingia ruta akiwa hukohuko ofisini, akawasha ya 2.4, akaipa jina la peke yake, na paswadi ya msimamizi akanitajia bila maswali. Chai niliyomimina kabla ya kupiga ilikuwa bado ya moto. Dada huyo wamwongeze mshahara.

Tangu hapo masomo ya video hayakwami, labda umeme ukatike, na hilo si kosa lao. Nikasema basi, nitawapa nyota nne.

Lakini ule ukuta! Neno la siri tumeshalibadilisha, kwa hiyo pale pamebaki uchafu mtupu. Nilipouliza nani atapaka rangi, nikaambiwa fundi si mwajiriwa wao, ni mkandarasi. Mkandarasi aliyevaa fulana yenye nembo yao? Na kuihamisha ruta sebuleni, mahali nilipoonyesha tangu mwanzo, wanataka nilipie upya. Mzee naye huko nyuma bado anatembea na kompyuta mkononi akitafuta mawimbi.

Nyota mbili. Zote ni za yule dada.