Fundi wa netiweki wa Luthuli: wenye saiba na ofisi ndogo, mtafuteni

Wenye saiba mnaijua hii shida. Mteja anataka cheti cha PIN ya KRA kiprintiwe haraka, kompyuta inasema printa iko oflaini na eCitizen pia haifunguki, na mashine ya pembeni inaprint tu vizuri. Ukizima na kuwasha inarudi, kesho yake inahamia mashine ingine. Yetu hapa Umoja ilianza hivyo tangu tuongeze ruta ya pili ya kufikisha waifai chumba cha nyuma. Fundi wa kwanza alisema printa imezeeka tununue ingine, watu wa intaneti nao wakasema laini yao iko sawa, na kweli ilikuwa sawa.

Huyu kijana ana kaduka ghorofani Luthuli Avenue, upande wa River Road, anauza kebo na swichi (kile kisanduku cha kuunganisha kebo za netiweki) na pia anakuja kwako. Kitu nilipenda ni kwamba printa hakuigusa kwanza. Alikaa kwa kila mashine, akafungua ile skrini nyeusi akaandika ipconfig /all, amri ya kuonyesha anwani za netiweki za mashine, akanakili majibu kwa karatasi. Zingine zilikuwa na 192.168.0 kitu, zingine 192.168.1 kitu, na kwa mstari wa DHCP Server, yaani kifaa kinachogawa anwani, kulikuwa na ruta mbili tofauti. Akatueleza pole pole: kompyuta ikiwaka inapiga mbiu, nani atanipa anwani, na kwa kawaida inachukua ya yule amejibu kwanza. Ruta zote mbili zilikuwa zinagawa. Ukiangukia ile ya pili unapewa geti (njia ya kutokea nje) ambayo haina intaneti nyuma yake, halafu mask (namba inayoonyesha mtaa wa anwani unaishia wapi) ikiwa 255.255.255.0 hauko mtaa mmoja na printa, hata kama kebo zenu zinaingia swichi moja. Ndio maana ilikuwa inahamahama.

Dawa yenyewe haikuchukua muda. Ruta ya pili akaipa 192.168.0.2, akazima DHCP yake, akaacha kebo kwa shimo la LAN (la netiweki ya ndani) sio la WAN (la kuingiza intaneti). Ruta kubwa akaiambia igawe anwani zinazoishia 100 hadi 199 pekee, na printa akaifungia 192.168.0.50 kwa kutumia MAC yake (namba ya kifaa ya kutoka kiwandani), huko huko ndani ya ruta. Halafu kwa kila Windows akatoa ile poti ya WSD (Windows inajitafutia printa yenyewe) akaweka ya TCP/IP yenye hiyo anwani ya printa, maana WSD ina tabia ya kupotea. Kwa foda ya skani akabadilisha netiweki kutoka Public kuwa Private, na sasa mashine zinaonana.

Kebo pia alipima, nyaya zote nane. Moja ilikuwa na jozi iliyokatika, na hapo ndio nilijua kwa nini mashine hiyo ilikuwa inapata Mbps 100 na zingine 1000, kwa sababu 100 inatosheka na jozi mbili lakini 1000 inataka zote nne. Tena hiyo kebo ilikuwa aluminiamu imepakwa shaba juu. Alituletea ya shaba tupu, bei iko juu kidogo, lipeni tu.

Lakini kilichofanya niandike haya ni karatasi. Alituachia orodha ya kila kifaa na anwani yake, na nenosiri jipya la ruta, akasema hii ni mali yenu, kesho mkiita fundi mwingine mpeni. Jamani, hapa Nairobi kuna mafundi wanaficha nenosiri ndio urudi kwao kila siku, na biashara yako inakaa mikononi mwa mtu asiyeshika simu. Huyu hakufanya hivyo na namheshimu sana kwa hilo.

Alituchaji 3,500 bila kebo, na kwangu ni haki kabisa. Upande mbaya: alisema atakuja asubuhi akafika saa nane mchana, na hakubeba trankingi (plastiki ya kufunika kebo), kwa hivyo kebo ya chumba cha nyuma imepita sakafuni mlangoni ambapo wateja wanakanyaga. Ukimwita mwambie mapema aibebe, na umpe vipimo vya ukuta kwa meseji.