Agari ya damu na agari ya kiini cha yai

Agari ya damu, yaani jeli ya kukuzia bakteria maabarani ambayo kwa kawaida huwa na takriban asilimia 5 ya damu ya kondoo, hufichua sumu zinazopasua chembe nyekundu: Streptococcus pyogenes huzungukwa na duara angavu, ilhali Streptococcus pneumoniae huacha ukijani tu. Ni rahisi kuisoma, lakini huweza kumhadaa mpimaji, kwani streptolisini O, mojawapo ya sumu za Streptococcus pyogenes, hudhoofishwa na oksijeni. Ndiyo maana agari hudungwa kwa kitanzi cha kupandia ili baadhi ya bakteria wakue chini ya uso wake.

Agari ya kiini cha yai huenda kinyume, kwa kuwa badala ya kuwa angavu hupata ukungu. Lesithinasi, kimeng'enya cha bakteria, huvunja lesithini, mafuta yaliyomo katika kiini cha yai, na kuacha weupe mzito ndani ya agari. Lipasi, kimeng'enya kingine kinachovunja mafuta, huacha mng'ao wa rangirangi juu ya koloni, yaani kundi la bakteria lililokua pamoja. Uzuri wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni kipimo cha Nagler: nusu ya sahani hupakwa kinzasumu inayozuia lesithinasi ya Clostridium perfringens, na bakteria huyo anapopandwa kukatiza pande zote mbili, weupe hutokea upande usiopakwa pekee. Bila kinzasumu hiyo, weupe hautoshi kumtambulisha, maana Bacillus cereus naye hutoa lesithinasi.