Rekodi imekamilika? Imekamilika wapi!

Nyota mbili, na zote mbili ni za picha. Picha ya huduma hii ya televisheni kwa intaneti ni safi, siwezi kuwasingizia, hata nyuzi nyekundu za mpira unaziona. Ila mimi nililipia rekodi, na rekodi ndiyo iliyonitoa roho.

Nafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege wa Sea-Tac, karibu na Seattle, zamu ya jioni. Besiboli ya mtoano huanza mie niko kazini, kwa hiyo bila rekodi sina mechi. Na mechi yenyewe haikuwa ya kukosa: Seattle Mariners na Detroit Tigers, robo fainali ya besiboli ya Marekani 2025, upande wa American League, wa kwanza kushinda tatu anapita, na walishagawana mbili mbili. Mrushaji wa Tigers ni Tarik Skubal. Kwenye mechi ya pili Jorge Polanco wetu alimtandika, mipira miwili jukwaani. Safari hii Skubal alikuja na kisasi: awamu sita, wapigaji 13 wamerudi benchi mikono mitupu, saba kati yao wakifuatana.

Nilizima simu mapema. Mkenya mmoja tunayepiga naye zamu alipofungua mdomo nikamwahi: "Kaka, ukinitajia matokeo tu, undugu umekwisha." Akafyata. Nimefika nyumbani usiku, nimeweka chai, nimekaa. Kerry Carpenter akatuchapa mikimbio miwili, Tigers 2-1. Mchezaji wetu Leo Rivas, ameingizwa kutoka benchi siku yake ya kuzaliwa, akasawazisha awamu ya saba. Awamu tisa za kawaida zikaisha, ikaja ya kumi, ya kumi na moja. Logan Gilbert, mrushaji wetu ambaye kazi yake ni kuanza mechi, analetwa kuziba pengo. Chai imepoa. Awamu ya 12, mrushaji kainua goti, na hapo hapo kioo kikawa cheusi:

"Rekodi yako imekamilika. Je, umeifurahia?"

Nimeifurahia! Yaani mashine yao inafuata ratiba. Saa waliyoiandika ikifika, inakata, hata kama dunia inaungua. Jamani, besiboli haina saa. Hakuna dakika 90, hakuna filimbi ya mwisho. Mkilingana mnaendelea mpaka mmoja ashindwe. Mechi hii ilikaribia saa tano nzima. Kampuni inayochukua pesa za watu kila mwezi kwa ajili ya michezo hailijui hilo, au inalijua na haijali?

Nikawaandikia wale wa huduma kwa wateja. Kwanza nikaulizwa kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Kuzima nini, bwana, mwisho haumo! Nikaeleza upya, taratibu, kwamba sijui matokeo na sitaki kuambiwa, nataka kipande kilichobaki. Jibu likaja limechangamka kabisa: "Pole sana, ndugu mteja. Habari njema ni kwamba Mariners walishinda 3-2 awamu ya 15, Polanco ndiye aliyemaliza! Kuna lingine tukusaidie?"

Lingine! Na juu yake wakanipa mwezi mmoja bure wa chaneli ya filamu.

Sasa hapa niseme ukweli wa Mungu: nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta. Seattle haikuwa imefika nusu fainali tangu 2001. Mtu aliyekuletea habari kama hiyo utamchukia vipi? Nikapandisha nyota zikawa tatu, hata nikamwandikia asante. Asubuhi nikakiona kile kipigo cha Polanco kwenye kisimu, sekunde chache, J.P. Crawford anaingia kituo cha nyumbani na mkimbio wa ushindi, na uwanja mzima umepasuka, na hasira ikarudi yote. Kile kilikuwa changu. Nilipaswa kukifikia kwa miguu yangu, awamu kwa awamu, na Luis Castillo akirusha zile za mwisho, naye pia ni mtu wa kuanza mechi. Nikazishusha tena mbili.

Kusitisha malipo sikusitisha, kwa sababu Toronto Blue Jays walikuwa wanangoja kwenye nusu fainali. Mechi ya saba huko Toronto tunaongoza 3-1, awamu ya saba, George Springer akapiga ule wa mikimbio mitatu, 4-3, kwaheri. Hiyo wameirekodi yote, mpaka sherehe za wenzetu na mahojiano, haikukatika hata sekunde moja. Nyota moja.