Toyota IST ya Zamani na Mpya: Tazama Gia Boksi Kabla ya Taa

Wanunuzi wengi wa Toyota IST hapa Dar es Salaam hulinganisha toleo la kwanza, lililotoka mwaka 2002, na la pili la mwaka 2007 kwa kuangalia taa, viti na bei, ilhali kinachoyatofautisha zaidi barabarani ni gia boksi.

Toleo la kwanza lina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Ukiongeza mwendo utasikia gari likivuta, mshale wa mizunguko ukishuka, kisha mshtuko mdogo wa gia inayofuata kushika. Kwa safari ndefu gia nne ni chache, na injini hulalamika mapema. Hata hivyo, karibu kila fundi anaijua.

Toleo la pili, lile linalovutwa na magurudumu ya mbele, hutumia CVT: mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili ambazo kuta zake husogeleana na kuachana, hivyo hakuna hatua za gia hata moja. Wazo hili ni la zamani, kwani DAF ya Uholanzi, ambayo sisi tunaijua kwa malori, ilionyesha gari dogo la mikanda ya mpira tangu mwaka 1958. Kwenye foleni ya Ubungo utulivu wa CVT hauna mfano. Ukipandisha mlima wa Kitonga na abiria wanne, injini hutoa mlio mmoja mrefu usiobadilika, na wasioizoea hudhani gia imekwama, ingawa ndivyo ilivyoundwa.

Tatizo huanzia kwenye haidroliki, yaani oili ya gia boksi. CVT hutaka oili yake maalumu, kwa sababu mkanda hushika puli chuma kwa chuma. Ukitiwa haidroliki ya otomatiki ya kawaida, mkanda huweza kuteleza na kuzikwangua puli. Bado wapo mafundi wanaomimina ile nyekundu ya otomatiki ya kawaida kwenye kila gari na kusisitiza kwamba haidroliki zote ni moja, na gharama ya msisitizo huo hulipwa na mwenye gari.

Kwa mtu wa mjini ningependekeza toleo la pili bila kusita. Kwa anayeishi mbali na duka la oili halisi, la kwanza. Lolote utakalochagua, lijaribu likiwa limelala usiku kucha: weka D huku umekanyaga breki, kisha achia taratibu. Likichelewa kushika au likitetemeka linapoanza kuondoka, mrudishie muuzaji ufunguo wake.