Nyota ya cheo kwa shilingi 45,000: huduma ya chati za Kichina Darajani

Katika duka moja la chai na dawa za miti karibu na Darajani, Unguja, shilingi 45,000 zinakupatia chati ya bazi, yaani nyota ya Kichina, kwa kurasa saba zilizochapishwa kwa rangi, pamoja na nusu saa ya maelezo ya ana kwa ana. Nisieleweke vibaya: ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu, nami sikwenda kuitafuta. Walimu wenzangu walikuwa wakinisukuma nigombee uenyekiti wa ushirika wetu wa kuweka na kukopa, na mhudumu wa duka, aliponisikia nikililalamikia jambo hilo, akaniambia kwamba wanayo huduma ya kuangalia alama za uongozi. Udadisi ukanishinda.

Maelezo yenyewe ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Bazi maana yake ni herufi nane: mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kila kimoja kikiwa na herufi mbili, ya juu kutoka katika mashina 10 ya mbingu na ya chini kutoka katika matawi 12 ya ardhi. Herufi ya juu ya siku ndiyo mtu mwenyewe. Yangu ni jia, mti mkubwa, na zile saba nyingine husomwa kwa namna zinavyohusiana nayo. Nilidhani alama ya uongozi itakuwa ni nguvu ya mtu ya kuwashinda wengine. Kumbe katika elimu hii unachokishinda wewe huitwa mali, na cheo ni kile kinachokushinda wewe. Mti hukatwa na chuma, kwa hiyo cheo changu kimo katika chuma. Chuma cha yin, yaani upande laini, kiitwacho xin, ni zheng guan, afisa wa halali, anayepanda kwa taratibu na sheria. Chuma cha yang, yaani upande mgumu, kiitwacho geng, ambacho ni cha saba ukihesabu kuanzia jia, ni qi sha, mauaji saba, mamlaka ya mapambano na dharura, ambayo humvunja mwenyewe ikikosa cha kuituliza. Kinachotuliza vizuri zaidi ni muhuri, elementi inayomlea mtu: chuma huzaa maji, maji hulea mti, na shoka likageuka kuwa riziki. Wachina wa enzi za wafalme, ambao mitihani yao ya kuingia katika utumishi wa dola ilifutwa mwaka 1905, walikuwa na sababu ya kuuweka muhuri karibu na cheo, kwani ofisa bila muhuri hakuwa ofisa. Sisi tuliokua tukisikia kwamba cheo ni dhamana hatuwezi kuliona wazo hilo kuwa geni sana.

Kasoro ilikuwa katika saa, na si kasoro ndogo. Marehemu baba yangu aliandika nyuma ya msahafu wake kwamba nilizaliwa saa tano na dakika kumi asubuhi, mwezi wa Julai, hapa Mjini. Mhudumu akaandika 5:10, na msomaji wa chati, aliyeko ng'ambo, akaiingiza kama alfajiri. Kurasa zangu za kwanza zikasema kwamba saa yangu ni ding, moto unaoyeyusha chuma, alama iitwayo kumjeruhi afisa: mtu mjuaji, mbishi, asiyefaa kukaa chini ya kanuni wala kuzisimamia. Mke wangu alicheka sana, akasema hiyo peke yake inatosha fedha tulizotoa.

Niliporudi kulalamika, mhudumu alijibu kwa adabu, "Mwalimu, tumeandika kama ulivyotutajia," na hakukosea. Chati ya pili, iliyokuja bure baada ya siku tisa, ilihesabu 11:10 kwa mtindo wa saa 24 na kuniweka katika saa ya geng: mauaji saba, kiongozi wa dhiki. Nilikaribia kufurahi. Hata hivyo, saa za Kichina ni 12 tu kwa siku, kila moja ikiwa na urefu wa saa zetu mbili, na wasomaji makini huzipima kwa jua la mahali, si kwa saa ya ukutani. Muadhini yeyote wa hapa anajua kwamba jua la Julai halipinduki saa sita kamili, bali karibu na saa sita na nusu. Ukiipunguza saa yangu kwa kiasi hicho, inaangukia kabla ya 11, geng anaondoka juu, nafasi yake inashikwa na ji, alama ya mali, na chuma kinabaki kimefichwa ndani ya tawi la chini. Watu watatu tofauti kwa msahafu mmoja. Nilipomuuliza msomaji kwa simu, alikubali kwamba hakurekebisha, akaomba shilingi 15,000 za chati ya tatu. Nilikataa.

Mwezi wangu nao ulielezwa kuwa kilele cha kiangazi chenye moto mkali, ilhali Julai ya kwetu ni kipupwe, watu wanalala na mablanketi. Suala hilo la nchi za kusini ya ikweta hawakuligusa kabisa.

Anayetaka kuelewa Wachina walivyoyafikiria mamlaka atapata thamani ya fedha zake, na chai wanayokukaribisha nayo ni nzuri. Anayetaka kuamuliwa kama agombee au asigombee asubiri kwanza waweke katika fomu yao nafasi ya kujaza saa ya jua la mahali. Saa ya kuzaliwa iandikwe kwa mtindo wa saa 24, kwa mkono wako mwenyewe, na usitoke dukani kabla hujamwona mhudumu akiituma hivyo hivyo.