Mifuko ya nyama kwa uwindaji wa musi Alaska: nunua ya kitambaa, si ya wavu

Musi dume, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe pana kama beleshi, hutoa nyama ya kilo 200 na zaidi. Paja moja la nyuma, likiwa na mfupa, linakaribia kilo 60. Kwa hiyo pakiti ya mifuko minne haitoshi: beba 8 hadi 10.

Ile ya bei rahisi, ya wavu wa pamba, ni hasara tupu. Ukiingiza paja inavutika, matundu yanapanuka, na nzi hutaga mayai humo humo. Ya sintetiki iliyofumwa kwa kubana inapitisha hewa, inakauka haraka, inafulika na kutumika tena. Kasoro yake ni kamba nyembamba ya kufungia; fungia kamba yako. Ya plastiki usiguse kabisa: inafungia joto na nyama inaoza kuanzia mfupani.

Tundika kivulini, turubai juu, pande wazi. Na usianze kubeba pembe: sheria ya Alaska inataka nyama itangulie, au zitoke pamoja na mzigo wa mwisho.